Faini ya kuvuka taa nyekundu Berlin: nilipe au nipinge? Naombeni ushauri

Mtembezi_wa_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri wa haraka, maana siku zinakatika na usingizi hauji.

Nipo Berlin, huu ni mwaka wa pili. Wiki mbili zilizopita nilivuka barabara wakati taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu. Barabara ilikuwa tupu kabisa, hakuna gari huku wala huku. Polisi waliandika jina na anwani yangu, na juzi imefika barua: nilipe euro 10 ndani ya wiki moja, au kama sikubali nieleze kwa maandishi.

Mwezi ujao naomba kuongezewa kibali cha ukaaji. Nikilipa, si nitakuwa nimekubali kosa ambalo litanifuata hadi kwenye kibali? Na je, kuna mtu humu amewahi kupinga faini kama hii akashinda?

Najua ni pesa ndogo, naomba tusichekane. Kinachoninyima usingizi si pesa.

Msafiri77

Lipa ulale, mkuu. Ungekuwa Singapore ungeelewa hiyo euro 10 ni zawadi. Kule ukivuka ndani ya mita 50 kutoka kwenye kivuko, daraja la waenda kwa miguu au njia ya chini ya ardhi, bila kukitumia, umevunja sheria. Ukifikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza adhabu inaweza kufika dola 1,000 za Singapore au kifungo cha miezi mitatu. Ukirudia, dola 2,000 au miezi sita.

Mimi yalinikuta siku yangu ya pili pale. Daraja nililiona, lakini nilikuwa na begi zito na ngazi zile nikaziona ndefu. Nimefika katikati tu, askari wananisubiri upande wa pili wametulia kama wenyeji wanaopokea mgeni. Nikatoa dola 50. Tangu siku hiyo kila mji ninaofika, kabla sijauliza chakula nauliza watu wanavukaje.

Bi Subira

Mwanangu, mimi nimelea watoto huko huko Ujerumani. Ukivuka nyekundu mbele ya mtoto, bibi usiyemjua atakukemea hapo hapo, na ana haki. Mtoto hasomi alama, anaangalia miguu ya mkubwa. Leo wewe unavuka kwa sababu barabara ni tupu, kesho yeye anavuka akidhani ni tupu. Lipa, na usirudie.

Pwaguzi

Huyo mwanasesere mwenye kofia wa kwenye taa za waenda kwa miguu za Berlin Mashariki, aliyebuniwa na Karl Peglau mwaka 1961, anapendwa hadi anachapwa kwenye vikombe na fulana. Wewe mkuu umempuuza hadharani mjini kwake! Kumi ni halali yao.

Kobe Mzee

Mimi naona mnamwonea. Kosa lenyewe la "kuvuka ovyo" lina historia ambayo wengi hawaijui. Miaka ya 1920 Marekani magari yalikuwa yanaua watu wengi mijini, hasa watoto, na lawama zilikuwa kwa madereva. Mwaka 1923 watu 42,000 wa mji wa Cincinnati walitia saini kutaka magari yafungwe kifaa cha kuyazuia yasipite maili 25 kwa saa. Wenye biashara ya magari walishtuka, wakaanza kampeni ya kuhamishia lawama kwa mtembea kwa miguu. Neno walilolitumia, "jaywalker", lina "jay" ndani yake, yaani mshamba asiyejua kutembea mjini. Mwaka 1925 Los Angeles ikapitisha kanuni kali za watembea kwa miguu, na miji mingine ikafuata. Barabara iliyokuwa ya wote ikawa ya gari.

Sasa wanarudi nyuma wenyewe. California, tangu Januari 2023, askari hakusimamishi kwa kuvuka ovyo isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kugongwa. New York walikuwa na katazo tangu 1958, wakalifuta mwaka 2024, baada ya kuonekana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya walioandikiwa faini mwaka uliotangulia ni weusi na Walatino. Jiulize ni nani anayesimamishwa huko uliko, na ni nani anayeachwa apite.

Mtembezi_wa_Usiku

Ahsante sana Kobe Mzee, hilo ndilo lililo moyoni mwangu. Pale kila mtu huvuka, kila siku. Kwa nini mimi?

Karani

Habari ya mleta uzi. Nimefanya kazi ya kutafsiri nyaraka Ujerumani kwa miaka mingi, na kuna kitu kimenikwama. Kuvuka nyekundu kule ni euro 5. Inakuwa 10 pale tu uvukaji wako ulipohatarisha mtu au kusababisha ajali. Umesema barabara ilikuwa tupu. Nani aliumia?

Mtembezi_wa_Usiku

Labda wamepandisha bei.

Karani

Hawajapandisha. Barua ina mstari unaoeleza kosa. Usome, kisha utuandikie unasemaje. Hatuwezi kukushauri kwa nusu ya habari, ndugu yangu.

Mama Wawili

Na mimi nauliza hilo hilo. Nani aliumia?

Mtembezi_wa_Usiku

Sawa. Kuna mwendesha baiskeli alianguka. Alifunga breki akateleza. Mimi hata hakunigusa. Nilisimama, sikukimbia, polisi walinikuta pale pale, naomba hilo lieleweke.

Pamoja na ile barua ya euro 10 kuna nyingine, kutoka kwa wakili wake. Anadai gharama za baiskeli na za mkono. Kiasi hakijaandikwa, wanasema kitafuata.

Lakini alikuwa anakuja kasi, na hakupiga kengele. Na rafiki yangu niliyekuwa naye amekubali kuandika kwamba tulipoanza kuvuka taa ilikuwa bado kijani. Barua ya kupinga nimeshaiandika, imebaki kuipeleka posta. Ndiyo maana nikauliza kama kuna aliyepinga akashinda.

Msafiri77

Kumbe! Hii sasa si faini tena, hii ni kesi.

Karani

Usiipeleke. Nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu hapa pana mambo matatu na wewe umeyafunga fungu moja.

Faini ya euro 10 ni onyo la kiutawala. Si kosa la jinai na haikuingizii alama za makosa kwenye daftari la madereva, kwa sababu alama zinaanzia kwenye faini za euro 60. Sioni itakavyokuharibia kibali. Usipolipa wala kujibu, inageuka uamuzi rasmi wa faini wenye ada zake, kama euro 28 na nusu juu ya ile kumi, na kuupinga huo una wiki mbili.

Madai ya wakili ni njia nyingine kabisa, ya fidia. Huko ndiko kwenye pesa yenyewe, maana mkono ulioumia una hospitali ndani yake na siku za kazi zilizopotea. Swali la kwanza hapo si nani alikuwa na kasi. Swali ni hili: je, una bima ya kulipia madhara unayowasababishia wengine? Ujerumani watu wengi wanayo, inalipiwa kwa mwaka na haina uhusiano na gari. Kama umeoa, angalia ya mkeo, mara nyingi inafunika nyumba nzima. Bima hiyo ikikubali inalipa kinachostahili, na madai yakizidi kiasi inakutetea. Kwa hiyo wakili yule usimjibu lolote hadi uwapelekee bima barua yake.

La tatu ni huyo rafiki. Sheria inamruhusu aliyeanza kuvuka kwa kijani amalizie hata ikigeuka nyekundu, ndiyo maana uongo huo unavutia. Lakini siku akiitwa mahakamani aurudie, hiyo ni jinai, yake na yako uliyemtuma. Jinai ndiyo inayoharibu kibali. Unataka kukwepa euro 10 kwa kununua kitu cha miezi ya jela.

Mtembezi_wa_Usiku

Nimekuelewa, lakini si uongo mtupu. Inawezekana ilikuwa inabadilika. Mtu hakumbuki sekunde kwa sekunde. Na kama nikisema nyekundu, si ndiyo nimejifunga mwenyewe?

Karani

Una haki ya kunyamaza. Kunyamaza na kutunga ni vitu viwili.

Bahari Tulivu

Njoo London, mkuu. Huku hakuna kosa la kuvuka ovyo kabisa, acha zile barabara kuu za magari ya kasi. Taa ya mtu mwekundu ni ushauri, unaangalia, unapita. Na tangu Januari 2022 mwongozo wa barabara unamtaka dereva anayekata kona ampishe anayevuka au anayesubiri kuvuka. Mimi nimezoea hadi nikifika mji mwingine najisahau. Vivuko vya pundamilia vyenyewe vilianzia Uingereza, mwaka 1951.

Ila ukisababisha mtu aanguke, London nayo mahakama ya madai itagawa lawama. Kutokuwa na kosa la polisi hakukuondolei deni la aliyeumia.

Pwaguzi

Shukuru hukuwa Shenzhen, China, miaka ile kamera zilipokuwa zinatambua sura ya mvukaji na picha yake inarushwa kwenye skrini kubwa njia panda. Mwaka 2018 kamera ya namna hiyo, mji wa Ningbo, ilimkamata mfanyabiashara mashuhuri Dong Mingzhu kwa kuvuka nyekundu. Kumbe ilikuwa picha yake ya tangazo, imebandikwa ubavuni mwa basi lililokuwa linapita!

Jicho la Tatu

Mnacheka na kufundishana, na mimi nasoma tu. Samahani wakuu, huu uzi ni wa kutunga.

Akaunti imefunguliwa wiki hii. Ujumbe wake wote uko humu. Mwanzo "barabara ilikuwa tupu kabisa, huku wala huku". Akibanwa, inatokea baiskeli yenye kasi. Akibanwa tena, inatokea barua ya wakili. Kesho mwendesha baiskeli atakuwa binti wa balozi. Kama barabara ilikuwa tupu, baiskeli ilitoka wapi, mbinguni? Mtu anakusanya hadithi hapa, na ninyi mnampa vipande vya kushonea.

Msafiri77

Eeh, hata mimi hiyo ya "tupu kabisa" ilinigusa. Mnamkumbuka yule aliyetuchangisha matibabu ya mjomba, ikaja kujulikana hata mjomba hana? Mimi nilitoa. Sikuumia pesa, niliumia kwamba nilimwombea usiku.

Bi Subira

Hata kama ametunga, wapo walioyapata haya kweli na wanasoma kimya. Majibu ya Karani hayapotei.

Jicho la Tatu

Mama, shikamoo. Sibishani na majibu. Nabishana na kuchezewa. Ajibu swali moja: baiskeli ilitoka wapi?

Mtembezi_wa_Usiku

Nitajibu.

Barabara ilikuwa tupu. Hilo sikudanganya. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikatafuta magari, hayakuwepo. Lakini kati ya ukingo wa barabara na njia ya magari kuna mstari wa baiskeli. Sikuuangalia. Mwaka mzima ninaishi hapa, na kichwani mwangu barabara bado ni mahali pa magari, basi. Nilishuka tu ukingoni nikamkanyagia njia yake. Kengele sikumbuki. Inawezekana alipiga.

Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani ina jina ambalo ndugu zangu wanalijua, na sikutaka wajue. Kuamini au kutokuamini ni juu yako, kaka, sina cha kukulazimisha.

Taa ilikuwa nyekundu.

Mama Wawili

Niliuliza nani aliumia, lakini hali yake hukuieleza, na naona hakuna mwingine aliyeiuliza. Hali yake yule aliyeanguka ikoje?

Mtembezi_wa_Usiku

Sijui, mama. Ni dada wa makamo. Alikuwa amekaa ukingoni ameushika mkono, akaniambia kitu sikukielewa, halafu gari la wagonjwa likaja. Tangu siku ile nimefikiria kibali, barua, posta. Yeye nimemfikiria kama upande wa pili wa kesi.

Karani

Unaweza kumtumia pole kupitia wakili wake bila kueleza chochote kuhusu nani alikosea. Pole haihesabiki kukiri. Waulize bima kwanza namna ya kuiandika, watakuelekeza.

Jicho la Tatu

Mstari wa baiskeli upo kweli Berlin, hilo nakubali. Bado nina mashaka, lakini nimeacha kupiga kelele.

Mtembezi_wa_Usiku

Wakuu, kwa kifupi. Bima tunayo, ni ya mke wangu, na inanifunika. Nilikuwa sijamwambia habari yote, jana usiku nimemwambia. Euro 10 nimelipa. Rafiki nimempigia, nimemwambia asiandike kitu, na nilisikia ameshusha pumzi.

Fomu ya bima ina kisanduku kinachouliza taa ilikuwa rangi gani. Nimekijaza. Kadi ya pole nimenunua, ipo mezani, bado natafuta maneno. Mama Wawili, kama una wazo la nimwandikie nini mtu nisiyemjua, naomba.

Mama Wawili

Mwandikie kwamba unauliza mkono wake unaendeleaje. Kisha weka saini yako.