Uvimbe wa utumbo mpana: kulia na kushoto, upi una nafuu? Naombeni ushauri

Injini_Igombe: Wakuu, habari. Mama ana miaka 63, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) yametoka: saratani ya utumbo mpana. Nasikia wa kushoto una nafuu. Kweli? Kuna jambo naamua kabla ya Ijumaa.

Nesi wa Kirumba: Pole sana. Kulia utumbo ni mpana na choo bado majimaji; uvimbe unakua kimya, damu inavuja kidogo kidogo, mgonjwa anachoka tu. Kushoto njia ni nyembamba na choo kigumu, kwa hiyo choo kinabadilika mapema, damu inaonekana, au utumbo unaziba. Wa mama uko wapi?

Babu Sato: Punguzeni chipsi, mle mchicha. Basi.

Injini_Igombe: Hb, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6. Alimeza vidonge vya kuongeza damu miezi minne.

Nesi wa Kirumba: Nimeuliza uko wapi.

Injini_Igombe: Kulia, mwanzoni kabisa, kamera ya kupitishwa utumboni imeuona huko. Na ini lina madoa mawili. Nimeshapata mteja wa injini ya mtumbwi, niiuze ninunue setuksimabu, dawa ya saratani. Ni dawa ya kisasa, sioni kosa.

Dirisha la Dawa: Kosa lipo. Jeni za RAS kwenye uvimbe zikiwa zimebadilika, haifanyi kazi. Hata zikiwa salama, uvimbe wa kulia uliosambaa huiitikia vibaya. Wa kushoto ndio hufaidika. Upande peke yake hauhukumu, tofauti inauma zaidi ukishasambaa. Pima RAS, BRAF (jeni nyingine) na MSI (alama ya kasoro ya kurekebisha DNA kwenye uvimbe) kwa kinyama kilekile kilichohifadhiwa kwenye nta. MSI ikiwa juu, jambo la kawaida zaidi kulia, kuna dawa za kuamsha kinga, njia tofauti kabisa.

Mzee wa Ushahidi: Miezi minne hawakuona kitu, ghafla kamera ikafika mwanzoni kabisa? Huyu mwanafunzi, anatafuta majibu ya mtihani. Wadau mmeuzwa.

Injini_Igombe: Mzee, mtihani gani? Kamera ya kwanza ilikuwa fupi, iliishia kushoto, tukaambiwa safi. Ya pili ndiyo ilifika mwisho.

Nesi wa Kirumba: Inaingia akilini kabisa. Kamera fupi haioni kulia. Mama wa umri huo akipungukiwa madini ya chuma bila sababu, kamera ipite utumbo wote. Nenda hospitali ya Bugando, Mwanza, idara ya saratani, na ripoti ya kinyama na picha za CT. Uliza pia kama madoa ya ini yanaweza kukatwa kwa upasuaji. Mawili wakati mwingine hukatwa.

Mzee wa Ushahidi: Haya, nimefuta maneno. Injini ya farasi ngapi?

Injini_Igombe: 15. Mteja nimemwambia asubiri.