Mrejesho: Filamu ya mama imepatikana

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliomba msaada kutafuta filamu ya zamani isiyo na rangi ambayo mama aliiona ujanani: msichana wa kawaida anaolewa na kijana wa ukoo wa kitajiri. Asanteni sana.

Nilianza na Rebecca ya 1940, kama wengi mlivyoshauri. Nzuri mno, lakini mama akasema siyo. Aliyenitoa gizani ni dada aliyeniambia niache habari za ndoa, nishike vitu viwili tu: tufe la kioo lenye theluji ndani, na mwanamke anayejibizana na sura yake kwenye kioo. Kumbe ni Kitty Foyle, ya 1940 pia, iliyompa Ginger Rogers tuzo ya Oscar! Pale wakwe wa Philadelphia wanapotaka afundishwe upya namna ya kuishi, naye akaamua kuondoka, mama alilia. Nami pia.

Maandishi ya tafsiri ya Kiswahili sikuyapata, ingawa nilijaribu njia zote mlizotaja. Nilimtafsiria mama kwa mdomo, nikisimamisha filamu kila baada ya dakika chache. Sauti ya nakala yangu inakwaruza. Bado natafuta iliyo safi.