Mjadala: Anayekuja kumkamata mgeni, aje uso wazi?

MLETA MADA (Wete, Pemba)

Jamani, nalileta hili kwenu maana baraza letu limeshindwa kulimaliza tangu Ijumaa, na birika la kahawa lishajazwa mara tatu.

Mdogo wangu wa kike yuko Chicago mwaka wa tisa huu. Kanitumia picha ya funguo za nyumba yake: funguo mbili, na katikati inaning'inia filimbi ya plastiki ya rangi ya chungwa. Nikamuuliza, umekuwa refa wa uwanja wa Gombani? Akanambia filimbi hizo ziligawiwa bure mitaani mwishoni mwa 2025, wakati serikali kuu ya Marekani ilipomwaga maafisa wa uhamiaji mjini humo. Wengi walifunika nyuso, na magari mengine hayakuwa hata na maandishi. Basi anayewaona anapuliza. Ukisikia za kukatakata, wako karibu. Ukisikia mfululizo, kuna mtu anakamatwa. Majirani wanatoka na simu, wanasimama kando, wanarikodi.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ila mbiu ile aliipiga mtu wa dola kuwaita raia, na hii wanaipiga raia wenyewe.

Kule Portland watu walivaa mavazi ya chura ya kujazwa upepo wakasimama mbele ya jengo la uhamiaji. Hapa ami yangu alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu, akasema watu hawa wamekosa kazi. Mimi nawaona wana akili. Hebu simama mbele ya waandishi wa habari, na silaha zako kiunoni, useme ulitishwa na chura.

Wanachodai si kikubwa: uso uonekane, jina au namba isomeke, na jamaa zake waambiwe mtu wao kapelekwa wapi. Oktoba 2025 Jaji Sara Ellis wa Chicago alitoa amri ya muda kwamba maafisa wavae kitambulisho kinachoonekana, isipokuwa wanaofanya kazi za siri. Mwezi mmoja kabla yake, Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria ya kuwazuia askari kufunika nyuso kazini, wa serikali kuu wakiwemo. Serikali kuu ikaenda mahakamani kuipinga.

Sasa tuje kwetu. Uhamiaji ni jambo la Muungano, si la Zanzibar peke yake, hilo tunalijua. Lakini mgeni hakai kwenye Muungano, anakaa shehiani, na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, ndiye anayejua nani kahamia nyumba gani. Napendekeza anayekuja kumchukua mtu kwa sababu ya ukaazi apite kwanza kwa sheha, ataje jina lake, aandike na anakompeleka. Mnasemaje?

MCHANGIAJI (Paje)

Yakhe, mimi nafanya kazi hotelini huku. Kila siku nyinyi ndio mnaolalamika kuwa wageni wanamaliza kazi za vijana. Mtu kaingia kwa viza ya matembezi, baada ya wiki yuko pwani anafundisha watalii kuzamia. Akija kukamatwa mnataka apigiwe filimbi akimbie? Na afisa naye ana watoto. Serikali ya Marekani hoja yake ndiyo hiyo, kwamba picha za maafisa zinasambazwa na familia zao zinatishwa. Akivamiwa nyumbani kwake usiku utakwenda kumlinda wewe?

MLETA MADA

Kaka, akamatwe. Hakuna aliyesema aachwe. Ila askari wa barabarani anakusimamisha Mwanakwerekwe uso wazi, na namba yake ya kazi anayo, na watoto anao vilevile. Hajasema avae barakoa kwa sababu madereva wa daladala wana hasira.

MCHANGIAJI (Konde)

Mimi mtu mzima, wanangu, mtaniwia radhi. Januari 2001, maandamano ya tarehe 27 ya kupinga matokeo ya uchaguzi yalipoishia kwa risasi, Wapemba tulivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nilikuwa na mtoto mgongoni na kanga moja iliyorowa. Aliyekuja kutuandikisha alianza kututajia jina lake, ndipo akauliza yetu. Jina hilo ninalo mpaka leo. Nilikuwa mgeni nisiye na karatasi, lakini nilijua niko mikononi mwa nani.

Na msizidharau ishara. Wamakonde wa Kwale, Kenya, waliokuwa hawana uraia, mwaka 2016 walifunga safari ya matembezi kwenda Nairobi kudai vitambulisho, wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta, na wakatambuliwa. Ndugu zetu Wapemba waliohamia huko zamani, wavuvi hao, wamesubiri hadi 2023 kupata uraia wa Kenya. Mvuvi asiye na kitambulisho leseni ya kuvulia hapati, na kila boti ya doria akiiona anakata mshipi. Mnaosema mgeni, mgeni, mgeni mwengine ni mjomba wako.

MCHANGIAJI (Mkoani)

Bi mkubwa nakubali yako yote. Lakini mleta mada, sheha? Sheha huyuhuyu ambaye kila ukikaribia uchaguzi watu wanagombana naye kwa fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kile cha kujiandikishia kupiga kura? Wewe unamwita shahidi, kumbe huenda ndiye aliyeionesha nyumba. Filimbi ya Chicago ina nguvu kwa sababu haina bosi, anayo kila mtu.

MLETA MADA

Hapo umenishika, sina la kubisha. Sheha peke yake hatoshi. Basi iandikwe karatasi mbili, jina la afisa, saa na anakompeleka, moja ibaki kwa sheha na moja ipewe mtu wa nyumba ile, hata akiwa mpangaji mwenzake. Na anayetaka kusimama mlangoni aangalie, aachwe asimame.

Mwenzetu wa Paje ameniuliza pembeni kama mdogo wangu ameshawahi kuipuliza filimbi yake. Yeye bado. Aliyeipuliza ni mwanawe wa miaka minne, saa kumi na moja alfajiri, kaikuta mezani. Mama mtu anasema alipofungua mlango kuomba radhi, majirani wawili walikuwa wameshatoka, makoti juu ya nguo za kulalia, simu mkononi.