Tupeane uzoefu: mwaka wa kwanza chuo, ulibeba nini bure na nini kilikukosesha usingizi?

Kaka wa Singida

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa mwisho amepata chuo Dodoma, anaripoti mwezi ujao. Alisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Kwetu hakuna aliyewahi kupita chuo kikuu. Mimi niliishia kidato cha nne nikaingia kwenye biashara ya alizeti, mama ni fundi cherehani. Mkopo amepata, ila hatujui vizuri unatokaje.

Jana usiku tumekaa kuandika vitu vya kumnunulia, tukajikuta tunarudia vilevile vya bweni la sekondari: tranka, sabuni za miche, ndala, daftari kubwa kumi na mbili. Mama akaniuliza, "Una hakika ndivyo wanavyoishi huko?" Sina. Waliopitia naomba mtuambie yaliyowakuta ninyi wenyewe. Kozi, vifaa, malazi, hela, chochote.

Mama Wawili

Kaka, hongereni. Kabla ya ndoo na beseni, anzeni na kozi yenyewe.

Nami nilitoka EGM. Wakati wa kuomba nilijaza kozi kwa kuangalia jina, na mji chuo kilipo. Nikapangiwa Takwimu. Nilidhani ni mambo ya sensa na majedwali kama tuliyochora kwenye Jiografia. Wiki ya kwanza mwalimu akaingia na nadharia ya uwezekano, ubao mzima alama nisizozijua, na hisabati yangu ya kidato cha sita ilikuwa D. Nikanyamaza kwa aibu. Nilijipa moyo kwamba nitazoea. Siku kumi zikapita.

Aliyeniokoa ni dada wa mwaka wa tatu tuliyekuwa tukikutana bombani jioni. Akaniuliza, "Wewe mbona macho yamevimba kila siku?" Nilipomweleza hakunipa pole, alinipeleka ofisi ya udahili kesho yake asubuhi. Kumbe kuhama kozi kunawezekana, ila kuna tarehe ya mwisho, na zilikuwa zimebaki siku tatu! Nikaandika barua, nikatafuta sahihi ya mkuu wa idara ninayotoka na ya ninakokwenda. Kule unakokwenda lazima pawe na nafasi na ufaulu wako uwe unakidhi. Nikahamia Mipango ya Maendeleo, nikamaliza vizuri. Kisha dada yule akanikumbusha nipite kwa afisa mikopo kumjulisha, kwa sababu mkopo unafuata kozi uliyopangiwa. Mwenzangu aliyehama kimya kimya alihangaika muhula mzima.

Mdogo wako akifika aombe orodha ya masomo ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza tu. Asome jina moja moja. Likimtisha jambo aseme wiki hiyohiyo, asisubiri testi.

Kimbweta

Mkuu, upande wa hela nikueleze. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja kulingana na asilimia aliyopewa. Ikibaki pengo ni lenu. Yeye mkononi anapokea ya kujikimu, ndiyo inaitwa boom. Tangu 2022 kiwango ni 10,000 kwa siku, mimi nilianza ikiwa 8,500. Haitoki kila siku wala kila mwezi, inakuja kwa mkupuo wa siku kama 60. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anaamka na laki tano au sita kwenye akaunti.

Boom langu la kwanza lilikuwa 510,000. Siku ya tatu nikashuka Kariakoo nikanunua simu ya 300,000. Zikabaki 210,000 za kula siku zaidi ya hamsini, na humohumo nauli, kopi na sabuni. Wiki ya sita nilikuwa nakula mara moja kwa siku, nakunywa maji mengi saa nne usiku ili nilale. Nilipata sapu mbili (mitihani ya kurudia) muhula ule, na sisemi ni ugumu wa masomo, ilikuwa njaa. Ukikaa kwenye kimbweta, ile meza ya zege ya kujisomea nje, na tumbo tupu, kurasa mbili tu macho yanafunga.

Muhula wa pili nikazungumza na mama ntilie mmoja nyuma ya geti. Siku boom linaingia nampa 120,000 kabla sijanunua kitu kingine. Alikuwa na kaunta buku lililolowa mafuta pembeni, ukurasa wangu uko katikati, kila sahani ya wali maharage anavuta kistari kwa kalamu nyekundu. Nikiishiwa kabisa mfukoni, bado nina vistari vyangu. Mama yule namtumia salamu za Iddi mpaka leo.

Na jambo ambalo familia nyingi hazijui: boom haliingii siku anaporipoti. Lazima asajiliwe kwanza, kisha asaini. Mpeni ya kula ya mwezi mmoja hivi, na apewe kidogo kidogo kwa simu, siyo yote stendi.

Binti wa Karakana

Daftari kumi na mbili ziacheni. Kaunta buku mbili za kwaya nne zinatosha muhula mzima, nyingine atanunua hukohuko.

Mimi nilisoma uhandisi. Kaka yangu alininunulia seti nzima ya kuchorea na ubao kabla sijaondoka, tukafika tukaambiwa ubao upo darasani, kinachotakiwa ni T-skwea (rula yenye umbo la T) na seti ya bikari. Hela ikalala uvunguni. Kikokotoo cha kisayansi ndicho kifaa ambacho sikujutia hata siku moja, nimetumia kimoja miaka minne. Naye ametoka EGM, huenda atakihitaji pia.

Madesa (nakala za notisi) nayo: wiki ya kwanza wauza steshenari watamwambia "chukua ya muhula mzima, yataisha". Nilitoa 45,000 nikabeba rundo, nusu yake yalikuwa ya mwalimu aliyekwisha ondoka. Asubiri kila mwalimu agawe muhtasari wa somo lake, kisha watoe kopi kwa kundi. Sisi tulikuwa watano, kopi moja inazunguka. Mkopo una fungu la vitabu na steshenari, 200,000 kwa mwaka, asilifanye la viatu.

Laptopu si lazima siku ya kwanza kama hela haipo. Ila kazi zake asizihifadhi kwenye flashi peke yake. Yangu ilikula asainimenti ya alama 15 usiku wa kuamkia kukusanya, nikaandika upya mpaka alfajiri. Ajitumie kwenye barua pepe yake kila anapoinuka.

Mwana wa Tukuyu

Malazi. Mimi nilikosa chumba cha hosteli mwaka wa kwanza, nikabebwa. Kwa asiyejua, kubebana ni mwenye kitanda kukupokea mlale wawili. Godoro futi mbili na nusu, mimi kichwa huku, yeye kichwa kule, mwaka mzima. Kijana yule hakunitoza hata mia. Nilichokuwa nafanya ni kudeki chumba kila asubuhi na kuhakikisha ndoo zake zina maji.

Kwa hiyo aombe chumba mapema, mara tu mfumo unapofunguliwa, na alipe ndani ya muda, maana usipolipa nafasi anapewa mwingine. Akikosa na mkaamua geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, msilipe kwa picha za dalali. Geto la rafiki yangu lilikuwa 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka miezi sita, 360,000 papo hapo. Mita ya umeme moja kwa vyumba saba. Kila wiki ugomvi wa LUKU.

Dodoma Juni na Julai usiku ni baridi, apakie blanketi na sweta. Maji ya huko yana chumvi, sabuni ya mche haitoi povu vizuri, ya unga inasaidia kidogo.

Comrade wa Eldoret

Wadau, huku Kenya mambo yanafanana. Ukikosa nafasi ya hosteli unatafuta bedsitter, yaani chumba kimoja cha kupanga. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kulipa deposti, enda uone hiyo nyumba usiku, ufungue mfereji (bomba la maji). Mchana maji yalikuwepo. Nilipohamia nikagundua yanapotea kuanzia saa kumi na moja jioni. Nilibeba mitungi ghorofa nne muhula mzima.

Na kupika kwa koili ya umeme ndani ya hosteli aache. Jirani yangu alisahau sufuria akaenda darasani, tukavunja mlango moshi umejaa.

Dada Muuguzi

Alipe bima siku ya kujisajili. Ya mwanafunzi enzi zangu ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Mimi nilisema nitalipa boom likiingia. Malaria ikanikuta Novemba, nikatoa mfukoni zaidi ya hiyo kwa vipimo na dripu siku mbili tu. Chandarua pia kiwemo kwenye begi.

Kaka wa Singida

Nimewasomea wote hapa nyumbani kwa sauti. Mama ameguswa sana na huyo mama ntilie wa vistari, amesema lazima mdogo atafute wake. Tranka tumeliacha, anachukua begi na ndoo yenye mfuniko. Daftari tumefuta kumi kwenye orodha. Kilichobaki ni godoro: tunaambiwa hosteli wanaweka, wengine wanasema hapana.

Mwana wa Tukuyu

Msinunue bado, mkuu. Inategemea amepangiwa jengo gani. Kwenye fomu ya kujiunga kuna namba ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, apige mwenyewe kesho asubuhi aulize godoro, na aulize pia kama kabati lina kitasa au anakuja na kufuli lake.