Nyumba tuliyopewa kwenye umisheni inavuja na kuta zina ukungu, tukarabati kwa pesa za sadaka au tuvumilie? Naombeni ushauri

MsafiriWaInjili:
Shalom wapendwa. Mimi ni mmishenari, niko ugenini na mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho 2. Tuna miezi 8 huku. Kanisa wenyeji walitupokea kwa upendo mkubwa sana wakatupa nyumba ya kukaa, ya zamani, ilishakaa muda mrefu bila mtu. Mvua zilipoanza ndo tukaijua vizuri. Chumba cha watoto kinavuja sehemu mbili, ukuta wa nyuma umelowa kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, lipu ukigusa tu inamwagika kama unga, nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Tulipofika tulipaka rangi wenyewe kwa furaha kabisa, wiki 6 tu ikavimba ikaanza kubanduka. Soketi za jikoni zinatoa cheche. Na huyu mdogo anakohoa karibu kila usiku.

Siku zetu zinaenda hivi, alfajiri tunaomba, asubuhi mke wangu anafundisha watoto kwenye meza ya jikoni maana ndo sehemu pekee kavu, mi naenda darasa la lugha, mchana kutembelea watu, jioni nyumba inajaa wageni, wengine wanataka maombi wengine wanataka tu kuona hawa wageni wanaishije, na sisi tunawapokea beseni la kukinga maji likiwa katikati ya sebule. Mama watoto hajawahi kulalamika hata siku moja. Ila wiki iliyopita nimemkuta kwenye ngazi za mlango wa nyuma analia, nikamuuliza kuna nini akasema "nimechoka kuishi kama watu wanaoondoka kesho". Hilo neno limenikaa kifuani mpaka sasa.

Tatizo pesa tunazotumiwa ni sadaka za watu, wengine ni wajane wanajinyima. Nyumba sio yetu. Nikizitia kwenye kuta na paa nitaandika nini kwenye ripoti? Na kama tukikarabati tuanzie wapi, na tunaishije humo ndani mafundi wakiwa kazini? Nisaidieni ndugu zangu.

Mnadhiri_77:
Mtumishi usichukie, nakwambia kwa upendo. Nabii Hagai aliwauliza watu kama ni wakati wa wao kukaa kwenye nyumba zenye mapambo wakati nyumba ya Bwana imeharibika. Hiyo sadaka imetolewa kwa ajili ya roho za watu. Mi ningevumilia, nyumba sio yako, kesho shirika linakuhamisha unaacha kila kitu.

MamaNgazini:
Kaka Mnadhiri nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. Hagai alikuwa anasema habari za mapambo, huyu ndugu anasema mtoto anakohoa. Paulo huyohuyo aliyeshona mahema, mwisho wa Matendo ya Mitume anakaa miaka 2 mizima kwenye nyumba aliyoipanga kwa pesa yake, na watu walikuwa wanamfuata hapohapo nyumbani. Nyumba ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Mtumishi, mimi ni mke wa mmishenari miaka 14 sasa, nyumba ya 5 hii. Nikwambie kitu ambacho mkeo pengine hajapata namna ya kukisema. Wewe unatoka, una darasa, una watu wa kuwatembelea, ukirudi unakuwa na cha kusimulia. Yeye yuko na huo ukuta kutwa nzima. Anafundisha anauona, anapika anauona, mtoto akikohoa usiku yeye ndo anaamka. Sisi mwaka wa 2 huku nilifikia mahali nasali tufukuzwe nchini ili nirudi nyumbani bila aibu. Hatukuwa na vita vya kiroho vya ajabu, ilikuwa jiko la moshi na choo kisichofunga mlango. Mume wangu alipokuja kutengeneza ule mlango, mlango tu, nililia.

Muulize yeye kitu gani kianze. Usikisie. Halafu kuhusu wageni, wekeni jioni moja kwa wiki ambayo mlango unafungwa mnabaki wenyewe, waelezeni wenyeji mapema na kwa heshima, wataelewa.

FundiMstaafu:
Mi sio mchungaji, nimejenga miaka zaidi ya 30, lakini someni Walawi 14 kuanzia mstari wa 33. Nyumba ikiwa na doa ukutani kuhani anaangalia kwanza, anaifunga siku 7, anarudi anaangalia kama limeenea, ndo wanakwangua lipu na kutoa mawe mabovu wanapaka upya. Ukiona hapo hawakukimbilia kupaka juu ya doa. Wewe ulipaka rangi juu ya maji ndugu yangu, lazima ivimbe.

Kwanza ujue maji yanatoka wapi. Chukua nailoni inayoonyesha, kama sentimita 30 kwa 30, ibandike kwenye ukuta kwa utepe wa gundi pande zote 4 isipitishe hewa, iache siku 2. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe una maji. Yakiwa upande wa chumbani basi ni mvuke wenu wa kupika, kufua na kulala mmefunga madirisha. Unyevu unaopanda kutoka ardhini mara nyingi hauzidi mita 1 hivi, na huo unga ni chumvi inayotoka na maji, kwahiyo maelezo yako ya usawa wa kiuno yananipa picha. Zunguka nyuma ya ukuta uangalie udongo umefika wapi, unatakiwa uwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15.

Mpangilio wa kazi ni paa, kisha maji ya nje yaondoke mbali na nyumba, umeme na mabomba, lipu, sakafu, rangi mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na rangi kwasababu ndo inaonekana.

Na mambo ambayo sitaki mcheze nayo. Umeme zima soketi za jikoni leo, sio kesho, mtafute fundi umeme mwenye leseni aangalie kama nyumba ina waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na afunge kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30. Paa kama ni yale mabati ya kijivu yanayofanana na simenti, simama kwanza, ya zamani mengi yana asbesto, usitoboe, usikate, usivunje, vumbi lake linaharibu mapafu na madhara yanatokea miaka mingi baadaye. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, usipige msasa mkavu na mtoto wa miaka 2 yumo ndani. Dawa ya klorini ya kuua ukungu usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu.

MsafiriWaInjili:
Aisee mmenitoa machozi. Soketi nimezima siku ileile. Paa nimeangalia ni bati la kawaida la chuma, misumari imelegea na mabati mawili yameoza. Nailoni nimeweka sehemu 3, siku 2 zimeisha, matone yako upande wa ukuta. Halafu FundiMstaafu, nyuma ya nyumba udongo umepanda juu ya sakafu kama shubiri nzima! Kumbe miaka yote hiyo mvua ilikuwa inasukuma udongo wa bustani unaegemea ukuta, na sisi tukapanda maua hapohapo tukawa tunayamwagilia.

Mke wangu nimemuuliza. Nilidhani atasema jiko. Kasema chumba cha watoto kikauke.

FundiMstaafu:
Basi umepona gharama kubwa. Chimba huo udongo uutoe, tengeneza mfereji wenye mteremko, rekebisha paa, halafu kwangua lipu iliyooza na uache ukuta upumue. Usiharakishe, tofali lililolowa hivyo linaweza kuchukua miezi kukauka. Ukipiga lipu mpya ya simenti imwagilie maji siku 7, na rangi subiri wiki 4. Tenga akiba ya asilimia 15 pembeni, nyumba ya zamani haikosi la kukushangaza.

MhasibuWaKanisa:
Kuhusu ripoti, andika ukweli mapema kabla hujatumia. Picha za ukuta, makadirio ya fundi, na mstari wake peke yake "ukarabati wa makazi", usiuchanganye na pesa za huduma. Nimekaa kwenye kamati ya umisheni, wachangiaji hawaumii kwa paa, wanaumia wakisikia baadaye kwa mtu mwingine. Na wenyeji mkae nao muandikiane, nani analipa nini, mtakaa miaka mingapi, mkiondoka kilichojengwa kinabaki kwa nani. Fundi usimpe pesa yote mwanzoni, mlipe kwa hatua.

Binti_wa_Misheni:
Mimi nimekulia kwenye nyumba za hivyo, wazazi wangu walikuwa wamishenari. Mahubiri ya baba nimeshayasahau mengi. Nakumbuka chumba kimoja ambacho alituachia tuchague rangi wenyewe, tulipaka vibaya mpaka dari lilichafuka, na hapo ndo mara ya kwanza nilisema "kwetu" nikimaanisha ile nchi. Watoto wapewe kazi mtumishi. Na chumba kimoja kisiguswe kabisa wakati wa ukarabati, mlale wote humo, vitabu na vitanda viwe humo, mlango uzibwe na nailoni vumbi lisiingie.

Mnadhiri_77:
Mtumishi nimesoma yote. Nilisema haraka, hiyo habari ya mtoto kukohoa niliipita. Naomba unisamehe, mpelekeni na hospitali pia.

MsafiriWaInjili:
Hakuna shida kabisa ndugu yangu. Hospitali tumeenda, daktari kasema mtoto asilale tena kile chumba, kwahiyo sahivi sote tunalala sebuleni. Barua kwa kanisa lililotutuma nimeituma usiku na picha 9. Wazee wa kanisa la hapa nilipowaonyesha ukuta walinyamaza, hawakujua hali ilivyo ndani, na Jumamosi vijana 6 wanakuja na majembe kutoa udongo. Mkubwa wangu ameshapima mfereji kwa kamba na vijiti, mita 11, mama yake amemuwekea kama somo la hesabu la wiki hii. FundiMstaafu naomba unijibu moja tu kabla ya Jumamosi, mteremko wa mfereji uwe kiasi gani kwa huo urefu?

FundiMstaafu:
Sentimita 1 kila mita inatosha, kwa mita 11 mwisho uwe chini kwa sentimita 11. Mwambie kijana apime kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, asikadirie kwa macho.