Kijibwa cha Swaleh

*Kikundi cha Nyumba ya Langoni*

Mama Swaleh: Asalaam aleikum jamani. Shangazi, kile kitabu ulichomletea Swaleh kutoka Mombasa hakimtoki mkononi. Leo tumekisoma mara nne. Kijibwa akiiba kiatu tu, mtoto naye abweka, sauti yafika hadi kichochoroni.

Shangazi Zainabu: Waaleikum salaam. Mashallah! Nilijua kitampendeza.

Bibi *(ujumbe wa sauti)*: Wanangu, mbwa hatujafuga nyumba hii. Mtoto akishawazoea, si kesho atamkumbatia wa ufuoni huko Shela? Kitabu cha punda hakikuwako?

Shangazi Zainabu: Nilikitafuta, Mama. Punda sikumwona, na sisi wa Lamu ndio wenye punda.

Ami Athman: Mama, picha haina najisi. Sisi Mashafii twaosha mara saba, moja kwa udongo, pakiguswa na mate ya mbwa au mwili wake ukiwa na majimaji. Karatasi haimo. Tena Swaleh kaniuliza mbona kijibwa kalaza miguu ya mbele chini, makalio juu. Nikamsimulia mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, naye alinyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Akanyamaza kimya, anasikiliza.

Mjomba Yusuf: Huyo wa kitabuni akiinama vile anamwambia mwenzake, "Njoo tucheze." Mbwa wote hufanya hivyo. Na kiatu hakitafuni kwa utundu tu. Kijibwa huota meno ya utoto 28, yakianza kung'oka akiwa na miezi kama minne fizi humwasha, lolote alionalo hulitia mdomoni.

Mama Swaleh: Kama Swaleh alivyokula kona ya mkeka wangu 😊

Mjomba Yusuf: Ndiyo hivyo hivyo. Lakini Mama ana haki kuhusu wa ufuoni. Mfundisheni asimguse mbwa asiyemjua, hata awe mdogo, na asimkimbie, asimame tuli. Akiumwa au akikwaruzwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, ni vigumu sana mtu kupona. Msingoje.

Mama Swaleh: Nimekuelewa kaka. Nitamwambia leo leo.

Bibi *(ujumbe wa sauti)*: Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyataka. Basi mleteni baada ya Isha, na kitabu chake. Anisomee.

Mama Swaleh: Mama, ana miaka minne, hajui kusoma bado.

Bibi *(ujumbe wa sauti)*: Picha si azijua? Mleteni.