Tipa limekunywa oili ya haidroli lita 17 kwa wiki tatu, na chini hakuna hata tone

Mama Nondo aliandika:

Wakuu habari za mchana. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Madale na tipa moja, Fuso tandam. Bodi lilijengwa hapa hapa Dar, jeki ya mbele ya ngazi nne, ile inayorefuka kipande kwa kipande. Linabeba kokoto za Lugoba, na mchanga ukipatikana. Mimi si fundi. Mimi ni mtu wa daftari: mfuko wa saruji ukitoka dukani naandika, oili ikiingia kwenye tipa naandika. Daftari ndilo lililonileta hapa.

Mwezi uliopita hozi ya presha, ile inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye jeki, ilipasuka Goba kwenye mteremko, bodi likiwa nusu juu. Lilirudi chini kwa kishindo mpaka mama wa genge la nyanya akatimua mbio na mtoto mgongoni. Mungu saidia hakuna aliyekuwa karibu. Oili ikatapakaa barabarani, ikabidi tununue mchanga wa kuifunika kwa jirani, wakati gari lenyewe limejaa kokoto. Nikanunua hozi mpya, ikakaa siku tisa, ikapasuka tena, safari hii karibu na nati. Fundi akaleta ya tatu, na kwa vile "tumeshafungua" akabadilisha na sili (mipira ya kuzuia oili) zote za jeki. Jumla 640,000. Risiti ninazo.

Sasa hozi imetulia na jeki ni kavu. Lakini daftari linasema hivi: tarehe 3 lita 4, tarehe 8 lita 3, tarehe 12 lita 4, tarehe 17 lita 3, tarehe 22 lita 3. Zote zimeingia tanki la haidroli. Nimemwambia Baba Zuhura, dereva wangu, alaze gari juu ya maboksi ya vigae niliyoyakunjua, na kila asubuhi nayakagua mwenyewe kwa tochi ya simu. Makavu. Kuna unyevu kwenye giaboksi tu, na fundi anasema hiyo ni giaboksi ya zamani, inatoka jasho.

Fundi anataka tufungue jeki tena. Anadai kuna sili ilikaa vibaya, oili "inapotelea ndani". Ndani ya nini? Jeki si tumbo. Dereva naye kanuna, anaona kama namtuhumu kuuza oili. Na kusema kweli kuna usiku mmoja nilimtuhumu.

Nawasilisha.

Mnyonge wa Mbezi:

Mama uza hilo dude, nunua bodaboda tano. Ngoja waje wajuzi, nimeweka kambi.

Hozi Gerezani:

Mama Nondo, shikamoo kama unaistahili, kama huistahili basi mambo. Nabana hozi hapa Gerezani mwaka wa kumi na moja sasa. Oili inaenda wapi sijui mpaka nilione gari, ila hizo mbili zilizopasuka naweza kukwambia kitu.

Vipande vyake unavyo? Vifute, usome mstari wa maandishi uliopita ubavuni. Ukikuta 1SN, ndani kuna wavu mmoja wa waya. Ukikuta 2SN, kuna nyavu mbili. Kwa hozi ya robo tatu inchi, 1SN ni ya presha ya kazi bar 105, 2SN ni bar 215. Tipa likiwa limejaa kokoto, pale mwanzo kabisa bodi linapoachana na chesisi ndipo presha inapopanda, na bar 150 si ajabu. Hozi hutengenezwa ivumilie hadi mara nne ya presha yake ya kazi kabla haijapasuka, ndiyo maana ya kwako ilikaa siku tisa badala ya dakika tisa. Ukizitazama kwa nje ni mapacha. Mteja anaangalia bei, anachukua nyembamba.

Iliyopasuka karibu na nati, mimi nadhani ilikatwa fupi. Hozi inauzwa kwa urefu, kwa hiyo kila mtu anabana senti hapo. 2SN ya robo tatu haitakiwi ikunjwe kona ya nusu kipenyo chini ya sentimita 24, na presha ikiingia hozi yenyewe inajivuta, inafupika kidogo. Kama ulishaifunga ikiwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, inavuta wapi? Kwenye nati.

Halafu kuna ugonjwa wa nyuzi. Nati ya BSP robo tatu (nyuzi za inchi) na ya metriki M27 ya hatua 2 (nyuzi za milimita) zinafanana sana machoni: moja inakaa kwenye uzi wa milimita 26.4, nyingine 27. Ukizioanisha zinashika nyuzi mbili tatu, fundi anazungusha tepu nyeupe, anaongeza bomba kwenye spana, anasema tayari. Nimeitwa majina mabaya kwa kukataa kazi za hivyo. Njoo na venia, kile kipimo cha kipenyo, au njoo na nati yenyewe, usije na "ile ya Fuso".

Mama Nondo:

Marahaba. Vipande vipo, kimoja dogo utingo alikuwa anafukuzia mbwa. Vyote viwili vimeandikwa 1SN. Ya tatu nimelala chini na dera langu kuisoma: 2SN, na imelegea vizuri. Kwa hiyo hapo nimeelewa nililipia nini mara mbili. Lakini lita 17?

Usukani Tandam:

Kabla hamjaenda mbali. Mama, mkataze huyo dogo na dereva kupapasa hozi kwa mkono wakati pampu inafanya kazi. Nilikuwa na utingo, kijana mzuri, tuko Kibaha, hozi imetoboka tundu la sindano. Ukungu wa oili unaonekana, tundu halionekani. Akapitisha kidole. Alisema kama amechomwa na mwiba, akacheka, tukaendelea na safari. Kidole kilikuwa na kitobo chekundu tu, hata damu haikutoka. Usiku mkono umevimba mpaka kiwikoni. Oili ilikuwa imeingia chini ya ngozi, na ikishaingia haitoki kwa maji moto wala dawa ya kupaka, lazima daktari wa upasuaji afungue asafishe, na inatakiwa ndani ya saa chache. Sisi tulichelewa. Pingili mbili hana. Ikitokea nendeni hospitali hapo hapo, na mkifika mwambieni daktari neno "oili ya presha", maana akiona kitobo tu atampa panadol.

Tundu linatafutwa kwa kipande cha boksi, unakishika kwa mbali unakipitisha. Maboksi si unayo.

Na swali moja, muulize Baba Zuhura kwa upole: akishamwaga mzigo huwa anatoa PTO, ile inayochukua nguvu kwenye giaboksi kuzungusha pampu, au anaondoka nayo?

Mama Nondo:

Nimempigia. Kwanza kakaa kimya. Halafu kasema "mara nyingine nasahau, taa ya PTO iliungua". Iliungua lini? "Kabla ya Ramadhani."

Usukani Tandam:

Basi pampu imekuwa ikizunguka Lugoba–Madale kutwa. Mwite fundi wa pampu, si wa jeki.

Sili Tabata:

Nimesoma yote. Nashughulika na jeki na pampu, Tabata Relini. Naanza na lile la "kupotelea ndani", maana limenikera.

Jeki ya tipa ya ngazi inasukuma upande mmoja tu. Pampu inaipandisha, uzito wa bodi unaishusha, na oili inarudi ilikotoka. Haina chumba cha pili cha kufichia oili. Sili ya ngazi yoyote ikikatika, oili inatoka nje, unaiona inatiririka kwenye kromu kama jasho la mwanamieleka. Jeki kavu ni jeki nzima. Mtu asiifungue tena, kwa sababu kila ukiifungua unahatarisha sili mpya: mdomo wa sili unatakiwa uangalie presha inakotoka, na mkwaruzo mdogo wa kromu unaosikika kwenye kucha unatosha kuikata.

Sasa fuata oili. Tanki, pampu, hozi, jeki, inarudi tanki. Nje haidondoki. Umesema giaboksi "inatoka jasho". Pampu yako imefungwa moja kwa moja kwenye PTO, au kuna propela fupi katikati? Kama ni moja kwa moja, shafti ya pampu inaingia kwenye PTO, na PTO imefungwa ubavuni mwa giaboksi. Kinachotenganisha oili ya haidroli na ya gia hapo ni sili ya shafti, duara la mpira unaloweza kulifunika kwa kizibo cha chupa. Pampu ikizungushwa safari nzima bila kazi inapata joto, na sili za kawaida za naitrili zikikaa kwenye joto la kuzidi nyuzi 100 kwa muda zinakuwa ngumu kama ganda la korosho.

Fanya hivi, haina gharama. Bodi chini, injini imezimwa, gari kwenye usawa. Fungua plagi ya kipimo pembeni mwa giaboksi, ile ya juu, usifungue ya chini. Oili inatakiwa iishie kwenye mdomo wa tundu, ukichovya kidole unaigusa. Weka ndoo kabla ya kufungua.

Mnyonge wa Mbezi:

Hapo kwenye ndoo nimeogopa.

Mama Nondo:

Wakuu, pampu haina propela, imefungwa moja kwa moja. Nimerudi na ndoo.

Jumamosi asubuhi, fundi mwingine, Baba Zuhura kashika spana. Plagi haijatoka yote oili ikaanza kumrukia kifuani. Haikuwa ile nyeusi nzito yenye harufu ya kiberiti. Ilikuwa nyepesi, ya rangi ya chai ya rangi. Ilitiririka mpaka nikakaa kwenye tairi kusubiri. Nilipima kwa kidumu cha lita moja cha dukani, nikawa nachora vistari kwenye boksi: lita 8 na ushee ndipo ikakoma kwenye mdomo wa tundu.

Tisa zilizobaki tumezikuta pia. Kile kipumulio cha juu ya giaboksi kimelowa, na kuanzia pale mpaka kwenye propela kubwa kumepakaa oili na vumbi la Lugoba, gumu kama lami. Ilikuwa inatapikwa gari likitembea na giaboksi ikiwa ya moto. Usiku ikipoa inatulia, ndiyo maana maboksi yangu yalikuwa makavu. Kumbe lile jasho ndilo lilikuwa jibu.

Lakini sikilizeni hili. Tumeshusha pampu. Sili zilikuwa mbili, zimepeana mgongo, na katikati yake kwenye chuma kuna kitundu kidogo. Kimezibwa na silikoni nyekundu! Kwa ustadi kabisa, imelainishwa na kidole. Mwenye kujua kitundu kile ni cha nini?

Sili Tabata:

Ni tundu la kuchuruzia. Sili ya kwanza ikichoka, oili inatokea pale, inadondoka chini, unajua mapema kabla haijaivuka ya pili. Kuna mtu aliona tone, akaona dawa ni kuziba. Oili haikuwa na pa kutokea, ikasukuma sili ya pili, ikaingia kwa jirani.

Weka sili zote mbili mpya, uombe za vitoni, hizo zinastahimili joto mpaka karibu nyuzi 200. Kabla ya kufunga pitisha kucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukisikia mfereji, sili mpya haitakaa mwezi. Na giaboksi mwaga yote, hata hizo zilizobaki ndani. Huwezi kujua mchanganyiko wake ni kiasi gani, na oili ya haidroli ni nyepesi mno kwa gia, sinkro, zile za kulainisha kubadili gia, zitakudai baadaye.

Mama Nondo:

Shafti iko laini, nimepitisha kucha mwenyewe. Sili mbili 36,000, oili ya gia lita 12, ufundi 50,000. Taa ya PTO ilikuwa balbu tu, 1,500.

Hozi Gerezani:

Na rilifu valvu je, ile inayoachia presha ikizidi? Kuna mafundi hozi ikipasuka wanaikaza ile, ili jeki inyanyue kwa nguvu zaidi. Usiruhusu mtu aiguse bila geji ya presha.

Mama Nondo:

Rangi ya kiwandani bado iko kwenye nati yake, haijaguswa. Hilo nililiangalia baada ya kukusoma.

Leo siku ya kumi na mbili, safari tisa. Nimeongeza oili: sifuri. Baba Zuhura nimemwomba radhi mbele ya utingo, maana nilimsema mbele yake. Kasema yameisha, ila anataka daftari liandikwe na yeye asaini. Nimemnunulia kalamu yake.

Mnyonge wa Mbezi:

Bodaboda basi tena?